Kusakinisha na Kurekebisha Programu kwenye Simu ya Linux

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nimesakinisha programu, mbona haionekani kwenye orodha? Mbona dirisha limekatika upande wa kulia? Mbona naambiwa faili halipo na mimi naliona hapa? Mwongozo huu unafuata kazi yenyewe ilivyo, kuanzia kadi tupu mpaka programu inapokaa sawa kwenye skrini.

Simu ya mfano ni PinePhone yenye postmarketOS (mfumo wa Linux wa simu) na mazingira ya Phosh (sehemu unayoiona na kuigusa kwenye skrini). Ukiwa na Mobian, mfumo mwingine wa aina hiyo, amri za `apk` (kisakinishi cha programu) zitakuwa za `apt`, lakini yote yanayohusu Phosh ni yale yale. Kama simu yako ilitoka kiwandani na Android, mathalan OnePlus 6, mfumo wake huingizwa kwa njia nyingine, kupitia fastboot, zana ya Android ya kuandika mfumo kwa kebo. Maliza hilo kwanza, kisha anzia hatua ya 5.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji isiyopungua nusu. Simu ikizimika katikati ya uandishi, unaanza upya.
- Kadi ya microSD ya GB 16 au zaidi. Kadi ya polepole itakufanya uichukie simu bure, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa A1, alama ya kasi.
- Kompyuta yenye Linux na kisoma kadi.
- Kebo ya USB-C inayopitisha data. Kebo nyingi ni za kuchaji tu, na kwa macho hutaziona tofauti yake.
- Wi-Fi. Usitegemee laini ya simu siku ya kwanza, kwa sababu modemu huenda ikahitaji mipangilio yake.

PinePhone ikiwaka hutazama kadi ya SD kwanza, ndipo iende kwenye hifadhi ya ndani. Maana yake unaweza kujaribu mfumo wowote kwenye kadi bila kugusa uliomo ndani. Itumie nafasi hiyo. Kuandika moja kwa moja kwenye hifadhi ya ndani siku ya kwanza ni haraka isiyo na faida. Ikiwa simu ina Tow-Boot (programu ndogo inayoanzisha mfumo), iwashe huku umeshikilia kitufe cha kupunguza sauti ili isome kadi.

## Kuweka mfumo kwenye kadi

1. Pakua faili la mfumo na ulihakiki. Litakuwa na mwisho wa `.img.xz`. Chagua la PinePhone lenye Phosh. PinePhone Pro ni simu nyingine kabisa, na faili la moja haliwashi nyingine. Kisha:

```
sha256sum faili.img.xz
```

Linganisha herufi na zile zilizowekwa pamoja na faili. Zikitofautiana hata moja, pakua upya.

2. Itambue kadi. Endesha `lsblk` kabla ya kuchomeka kadi, ichomeke, kisha endesha tena. Kifaa kilichoongezeka ndicho kadi. Tuseme ni `sdb`.

3. Andika.

```
xzcat faili.img.xz | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress
```

Tahadhari mbili. Ukikosea herufi ya kifaa, unafuta diski ya kompyuta yako, na `dd` haikuulizi mara mbili. Pili, andika `sdb`, wala si `sdb1`: faili hili lina jedwali lake la vigawanyo, na ukiliandika ndani ya kigawanyo simu haitawaka.

4. Iweke kadi kwenye simu na uiwashe. Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri. Tundu la juu ni la microSD, la chini ni la laini ya micro-SIM. Usisukume nano-SIM bila adapta, maana pini za tundu huinama na kukatika. Papo hapo utaona safu ya swichi ndogo sita: ya kwanza inazima modemu, ya pili inazima Wi-Fi na Bluetooth. Hakikisha zimewashwa sasa, kuliko kuja kutafuta kosa la programu ambalo ni swichi tu.

Mara ya kwanza simu huchelewa kidogo kuwaka kwa sababu mfumo unajitanua ujaze kadi nzima. Nenosiri la mwanzo ni `147147`. Libadilishe kwa `passwd`, na ukipenda kujirahisishia maisha libaki la tarakimu, kwani skrini ya kufungulia huanza na vitufe vya namba.

## Kuiandaa simu kupokea programu

5. Tazama saa, kisha usasishe. Betri ikitolewa, saa ya simu inaweza kurudi nyuma miaka. Hapo vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na kila upakuaji unakataliwa. Andika `date`. Ikiwa si sahihi:

```
sudo date -s "2025-03-01 14:30"
```

ukiweka tarehe na saa yako. Halafu:

```
sudo apk update
sudo apk upgrade
```

Washa simu upya baada ya sasisho kubwa, hasa kerneli, yaani moyo wa mfumo, ikiguswa.

6. Fanyia kazi kwenye kompyuta kupitia SSH, yaani kuiamuru simu kutoka kompyuta. Kuandika amri ndefu kwa kibodi ya skrini ni adhabu. Kwanza ujue simu yako inatumia msimamizi gani wa huduma:

```
cat /proc/1/comm
```

Likijibu `systemd`, washa kwa `sudo systemctl enable --now sshd`. Likijibu `init`, tumia `sudo rc-update add sshd` kisha `sudo rc-service sshd start`. Unganisha kebo, na kwenye kompyuta andika:

```
ssh user@172.16.42.1
```

Hiyo ni anwani ya postmarketOS kupitia USB. Isipoitika, tafuta anwani ya Wi-Fi kwa `ip addr` kwenye simu.

7. Zuia simu kulala. Phosh huilaza simu isipoguswa, na usakinishaji ukakatika katikati. Nenda kwenye mipangilio ya nishati uzime kulala kwa muda. Zaidi ya hapo, sakinisha `tmux` na uendeshe kazi ndefu ndani yake, ili SSH ikikatika kazi iendelee. Kama usakinishaji umeshakatika, `sudo apk fix` hurudisha mambo mahali pake mara nyingi.

## Kusakinisha: fuata mpangilio huu

Apk kwanza, Flatpak (programu zinazokuja na mazingira yake ya kuendeshea) pili, kujenga kutoka msimbo mwisho. Wanaoanza wengi hugeuza mpangilio huu, kisha wanashangaa hifadhi imejaa na simu inakokota.

8. Apk. Tafuta, jaribu bila kusakinisha, kisha sakinisha:

```
apk search keepass
sudo apk add -s keepassxc
sudo apk add keepassxc
```

Ile `-s` inaonyesha tu kitakachotokea. Soma orodha yake. Ukiona inataka kuondoa vitu vya mfumo, simama hapo.

Vifurushi ulivyoviomba mwenyewe vinaandikwa kwenye `/etc/apk/world`. Nakili faili hilo kwenye kompyuta kila baada ya muda. Ndilo kumbukumbu fupi kuliko zote ya ulichosakinisha.

Kosa linaloua mfumo kuliko yote ni kuongeza mistari ya toleo la `edge` (la majaribio) kwenye `/etc/apk/repositories` ya toleo tulivu, eti kupata programu moja mpya zaidi. Programu hiyo inakuja na maktaba zake mpya, maktaba zinagongana na zilizopo, na siku chache baadaye `apk` inalalamika kuwa haiwezi kuchagua vifurushi. Ukitaka toleo jipya, uhamishe mfumo mzima kwa `postmarketos-release-upgrade`, au chukua programu hiyo moja kwa Flatpak.

9. Flatpak. Kwanza angalia nafasi kwa `df -h /`. Programu ya kwanza huja na mazingira yake ya kuendeshea, ambayo yanaweza kupita GB 1. Zinazofuata hushirikiana mazingira hayo zikiwa za toleo lile lile.

```
sudo apk add flatpak
flatpak remote-add --user --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo
flatpak remote-ls --user flathub --arch=aarch64 | grep -i jina
flatpak install --user flathub kitambulisho.cha.Programu
```

Mstari wa tatu ni wa muhimu. Si kila kilichomo Flathub, ghala la Flatpak, kimetengenezwa kwa aarch64 (aina ya chipu ya simu hii), na programu nyingi za makampuni ni za x86_64 (chipu za kompyuta) pekee. Ukishafuta programu, endesha `flatpak uninstall --user --unused`, la sivyo mazingira ya zamani yanabaki yakila nafasi. Toka kwenye Phosh na uingie tena baada ya Flatpak ya kwanza ili ikoni zionekane.

10. Kujenga kutoka msimbo. Weka vifaa vya ujenzi chini ya jina moja ili uvifute kwa mkupuo:

```
sudo apk add -t .ujenzi build-base meson
meson setup build --prefix=$HOME/.local
ninja -C build -j2
ninja -C build install
sudo apk del .ujenzi
```

Programu yenyewe itadai vifurushi vingine vyenye mwisho wa `-dev`. Viongeze kwenye mstari wa kwanza. Lakini kabla ya kufuta `.ujenzi`, ongeza kwa `apk add` zile maktaba ambazo programu inazihitaji wakati wa kuendeshwa, kwani zinaweza kuondoka pamoja na vya ujenzi. Ile `-j2` usiipuuze. PinePhone ina RAM ya GB 2 au 3, na ukiacha viini vyote vinne vijenge kwa pamoja kumbukumbu inaisha, kerneli inaua kazi, nawe unaona neno `Killed` bila maelezo.

## Kuirekebisha programu ikae kwenye skrini

Jambo la kuelewa ni moja. Skrini ya PinePhone ina pikseli 720 kwa 1440, lakini Phosh inakuza kila kitu mara mbili. Kwa hiyo programu inapewa upana wa 360 tu. Iliyotengenezwa kwa ajili ya simu inajikunja humo. Ya kompyuta inayodai 600 inamwagika nje ya ukingo, na kwa kawaida kitufe cha "Hifadhi" ndicho kinachokwenda huko.

11. Ionyeshe kwenye orodha. Phosh huficha programu ambazo hazijajitangaza kuwa zinafaa simu. Kuonyesha zote:

```
gsettings set sm.puri.phosh app-filter-mode "[]"
```

Amri za `gsettings` ziandike kwenye terminali ya simu yenyewe. Kupitia SSH unakuwa nje ya kikao cha mtumiaji, na badiliko linaweza lisifike.

12. Ipunguze itoshee. Sakinisha `phosh-mobile-settings`. Ifungue kwanza ile programu inayomwagika, kisha fungua mipangilio hiyo, nenda sehemu ya kusimamia madirisha, na uwashe kupunguza kwa ajili ya programu hiyo pekee. Maandishi yatakuwa madogo, ila vitufe vyote vitafikika. Kuiwasha kwa programu zote haifai, kwani hata zilizokuwa sawa zinaweza kupungua.

Kama unataka nafasi zaidi kwa muda tu, mathalan kubofya dirisha moja gumu:

```
wlr-randr --output DSI-1 --scale 1.5
```

Upana unakuwa 480. Ukimaliza rudisha `--scale 2`.

13. Tengeneza nakala yako ya faili la uzinduzi. Hapa ndipo marekebisho ya kudumu yanapowekwa. Tafuta lilipo, ulinakili, ulihariri:

```
apk info -L keepassxc | grep desktop
mkdir -p ~/.local/share/applications
cp /usr/share/applications/org.keepassxc.KeePassXC.desktop ~/.local/share/applications/
nano ~/.local/share/applications/org.keepassxc.KeePassXC.desktop
```

Usihariri lile la `/usr/share`. Sasisho lijalo litalifuta badiliko lako kimyakimya. Ndani ya nakala, mstari wa `Exec` wenye `keepassxc %f` uufanye hivi:

```
Exec=env QT_QPA_PLATFORM=wayland QT_SCALE_FACTOR=0.8 keepassxc %f
```

na chini yake ongeza:

```
X-Purism-FormFactor=Workstation;Mobile;
```

Mstari huu ndio unaoitambulisha programu kuwa ya simu, kwa hiyo programu itaonekana kwenye orodha hata ukirudisha kichujio cha hatua ya 11. Angalia pia kama kuna `DBusActivatable=true`. Ukiwepo, ugeuze kuwa `false`. Vinginevyo programu inaanzishwa kwa njia nyingine, `Exec` haisomwi kabisa, na utakesha ukibadilisha mstari usiotazamwa na mtu.

Cha kuweka baada ya `env` kinategemea programu imejengwa kwa zana gani: Qt, GTK au Electron. Za Qt ni hivyo vilivyo hapo juu. Za GTK 3 jaribu `GDK_DPI_SCALE=0.8`, inayopunguza maandishi. Za Electron hazihitaji `env`; ongeza `--ozone-platform=wayland` mwishoni mwa amri. Firefox ina kifurushi chake tayari, `mobile-config-firefox`, usijisumbue.

Kwa Flatpak, badala ya kuhariri faili, tumia:

```
flatpak override --user --env=QT_SCALE_FACTOR=0.8 kitambulisho.cha.Programu
```

14. Hakikisha kibodi inajitokeza. Ukigusa sehemu ya kuandikia na kibodi isije, mara nyingi programu inaendeshwa kupitia XWayland, daraja la programu zisizotumia Wayland (njia ambayo Phosh huonyesha madirisha). Ilazimishe itumie Wayland kama hatua ya 13. Ikikataa, iite kibodi kwa mkono, kwa kitufe chake kilicho chini ya skrini au kwa kushikilia ule mstari wa chini, kulingana na toleo la Phosh.

## Mambo yakigoma

Kabla ya kubahatisha, iendeshe programu kwa SSH uone inachosema:

```
export XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/$(id -u) WAYLAND_DISPLAY=wayland-0
keepassxc
```

Dirisha litafunguka kwenye simu na makosa yatachapishwa kwenye kompyuta.

`not found`, na faili lipo. Kisichopatikana ni kipakiaji ambacho faili hilo linakitafuta. Programu ulizopakua tayari zimejengwa hutegemea maktaba ya msingi ya glibc, na postmarketOS, kwa kuwa imejengwa juu ya mfumo wa Alpine, hutumia nyingine, musl. Jaribu `sudo apk add gcompat`; husaidia programu ndogo. Kubwa zichukue kwa Flatpak.

`Exec format error`. Umepakua ya x86_64. `uname -m` kwenye simu hujibu `aarch64`, na `file jina` itakuambia ulichopakua ni cha nani.

Dirisha jeusi au tupu. Chipu ya michoro ya PinePhone, Mali-400, inaishia OpenGL ES 2.0, na programu mpya za GTK 4 zinataka zaidi. Weka `GSK_RENDERER=cairo` kwenye `Exec`. Itakuwa nzito zaidi, lakini itaonekana.

Programu inajifunga yenyewe baada ya muda. Tazama `free -h`, kisha `dmesg | grep -i oom`. Kivinjari chenye kurasa kadhaa na Flatpak moja kubwa vinatosha kumaliza GB 2.

Hakuna mtandao wa simu. Baada ya kuwaka, subiri modemu ijitokeze. Haiji papo hapo. Kisha `mmcli -L`. Orodha tupu: rudi kwenye swichi ya kwanza chini ya mfuniko. Modemu ipo lakini data hakuna: APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Iulize kampuni ya laini yako, kisha:

```
sudo nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name data apn JINA_LA_APN
```

Marekebisho yamevuruga kila kitu. Futa nakala iliyo `~/.local/share/applications` na programu itarudi ilivyokuja. Kwa Flatpak ni `flatpak override --user --reset kitambulisho.cha.Programu`.

## Ukiridhika: kuhamia hifadhi ya ndani

15. Hamisha kwanza `world` na faili zako kwenda kompyuta kwa `scp`, kisha peleka `.img.xz` kwenye simu. Simu ikiwa imewaka kutoka kwenye kadi, endesha `lsblk`. Kwenye PinePhone kadi ni `mmcblk0` na hifadhi ya ndani ni `mmcblk2`. Uhakika zaidi ni huu: yenye ndugu anayeitwa `mmcblk2boot0` ndiyo ya ndani, kwa sababu kadi hazina vigawanyo hivyo.

```
xzcat faili.img.xz | sudo dd of=/dev/mmcblk2 bs=4M conv=fsync
```

`status=progress` imeachwa makusudi; `dd` ya BusyBox iliyo kwenye simu si ile ya kompyuta. Itakaa kimya mpaka imalize. Subiri.

16. Zima simu na utoe kadi kabla ya kuiwasha. Kadi na hifadhi ya ndani sasa zimetoka kwenye faili moja, hivyo vigawanyo vyake vina vitambulisho vinavyofanana, na mfumo unaweza kuwaka kutoka huku ukapachika mzizi wa kule. Utasakinisha programu, uwashe upya, usiione. Ukishathibitisha simu inawaka bila kadi, ifomati kadi hiyo kwenye kompyuta ndipo uirudishe kama hifadhi ya kawaida.